Kikombe Kilichoelekea Oraba

Miaka yote ya utoto wangu sikuwahi kumwona amekaa. Chai aliinywa amesimama, bega kwenye mwimo wa mlango, macho barabarani. Alinyonyesha amesimama. Mara moja nilimkuta anasinzia amesimama, mkono mmoja juu ya uchanja wa vyombo, na nilipokohoa alianza kunituma maji kabla hajafumbua macho vizuri.

Mtaa mzima wa kwetu Koboko tulimwita Mama Watoto. Kila mwanamke pale alikuwa na watoto, lakini ukimtaja Mama Watoto, hata dereva mgeni alionyeshwa nyumba moja tu, ile iliyopakana na yetu. Watoto wake walikuwa wengi kweli. Baadhi aliwazaa, baadhi walikuwa wa marehemu dada yake, na mmoja nilikuwa mimi, ingawa mama yangu alikuwa hai na mzima ng'ambo ya ua. Kwetu nilikuwa peke yangu. Ugali wa kula peke yako unashuka polepole, na kwa Mama Watoto kulikuwa na vita ya vidole kwenye sahani. Nilipenda vita ile.

Walikuwa wangapi? Siwezi kukuambia. Hakuruhusu wahesabiwe. Wengi kwetu hawapendi kuhesabu watoto, wanaona ni kama kuyaonyesha mabaya njia, lakini yeye alizidi. Siku moja alikuja muuguzi wa chanjo, kijana mwenye viatu vilivyopakwa rangi.

"Mama, watoto iko ngapi hapa?"

"Iko ya kutosha."

"Ya kutosha ni ngapi? Mimi nataka kuandika."

"Wewe choma sindano tu. Watoto wakiisha, utaona wameisha."

Muuguzi alicheka akachoma. Nadhani wapo aliowachoma mara mbili, kwa sababu Zaituni, binti yake aliyekuwa rika langu, alilia mara mbili siku hiyo.

Badala ya hesabu alikuwa na vikombe. Kila mtoto alikuwa na kikombe chake cha bati, na hakuna aliyebadilishana, kwa kuwa kila kimoja kilijulikana kwa pale kilipobanduka rangi. Cha Zaituni kilikuwa na doa jeusi kama nzi. Changu kilikuwa cheupe chenye ukingo wa bluu, kimebonyea ubavuni. Asubuhi, ukishakunywa chai, unaosha kikombe, unakifunika kifudifudi juu ya uchanja, na mkono wa kikombe, ule wa kushikia, unauelekeza kule unakotumwa. Ukitumwa upande wa Oraba, mpakani mwa Sudan, mkono unatazama choo. Ukitumwa upande wa Arua, unatazama barabara kubwa. Ukitumwa Zaire, unatazama migomba. Ukirudi, kabla hujasalimu mtu, unakifunua kikombe chako. Hivyo Mama Watoto alitupa jicho moja tu kwenye uchanja akajua nani yuko nyumbani, nani bado, na aliye bado atatokea upande gani.

Mgeni angedhani ni vyombo vilivyopangwa na mtu mvivu.

Na asubuhi yake ilikuwa ya kutuma. Sauti yake ilianza kabla ya majogoo ya jirani. "Wewe, mashine ya kusaga. Wewe na wewe, kuni. Zaituni, peleka hii nguo kwa fundi, mwambie mguu iko ndefu, mtoto si korongo. Wewe mdogo, kwa bibi ya pale mtoni, kamsalimie mpaka mchana." Kila aliyetoka alipewa maneno yale yale matatu na amri moja nyuma yake: "Kwenda, fika, rudi. Hapana simama na watu."

Wanawake wa mtaani walimcheka. "Huyu anatembeza watoto kama mbuzi," walisema kisimani, naye akisikia. "Mbuzi yangu wanarudi na chumvi," aliwajibu. "Yako wanarudi na mimba." Kisima kizima kilianguka kicheko, na aliyetaniwa alicheka zaidi ya wote, kwani hakuwa hata na binti.

Mimi nilidhani ni kazi tu. Nyumba yenye midomo mingi ina safari nyingi, hilo halihitaji shule, na shule yangu mimi iliishia darasa la tano. Lakini kulikuwa na safari zisizo na maana. Kumsalimia bibi mpaka mchana, kwa nini? Kupeleka kibiriti kimoja Ediofe, kule misheni ya Arua, safari yote ile, kwa mwanamke mwenye duka la viberiti? Siku moja nilimuuliza. Alikuwa anachambua mchicha, amesimama bila shaka. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anazungumzia mchicha:

"Nyumba ya askari hawatakiwi kukutwa wote."

Baba yao alikuwa askari wa ile serikali iliyoanguka. Alishuka kusini na wenzake ndani ya lori, vita ilipopamba moto, na hakurudi wala hakuletwa. Baada ya hapo, kila tuliposikia jeshi jipya linapanda kuja kwetu, nyumba zilizojulikana kuwa za askari zilianza kunyamaza. Unapita asubuhi, mlango uko wazi, kuku wanatembea ndani, watu hakuna. Mama Watoto hakuwa na mahali pa kukimbilia na kundi lote lile, kwa hiyo alilitawanya kila kukipambazuka, na kulikusanya kila jua likizama. Aliishi hivyo kwa miezi mingi. Aliyekuja kututafuta angemkuta yeye, mtoto mgongoni, na uchanja wa vikombe.

Alichukia uongo. Ukimdanganya kuhusu sukari ulilala kifudifudi siku mbili, maana matako hayakukalika. Lakini mwanamke huyo huyo alitufundisha uongo kama wengine wanavyofundishwa sala. Jioni alitupanga uani, akashika mwiko kama bunduki, akawa askari wa kizuizi cha barabarani.

"Wewe! Baba yako anafanya kazi gani?"

"Anatengeneza baiskeli, afande."

"Wewe?"

"Anauza samaki kavu, afande."

"Na wewe hapo?"

Yule mdogo wa mwisho, aliyekuwa amesahau baba yake aliyepangiwa, akanyoosha kifua: "Baba yangu ni padri ya Ediofe!"

Mwiko ulimtoka mkononi. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Padri hapana zaa, mjinga wewe! Na sisi ni Waislamu!" Tulicheka wote, tukajigaragaza. Kisha aliokota mwiko, akaufuta vumbi, akasema tena bila kucheka: "Wewe. Baba yako anafanya kazi gani?" Na tulirudia mpaka kila mmoja alipojibu bila kupepesa.

Aliyekuwa hajibu vizuri ni Ramadhani, kifungua mimba. Alikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, mrefu, sauti imeshavunjika, na kila alipoulizwa alimtaja baba yake wa kweli. "Mimi si mtoto wa samaki kavu," alisema. Mama yake hakumpiga. Alimtazama tu zile ndevu. Baada ya hapo safari zake Ramadhani zilikuwa ndefu kuliko zetu. Mwishowe akapewa baiskeli akatumwa Ajia, mbele ya Arua, kwa mjomba wake anayelima, akachukue simsim na akae huko siku mbili tatu. Kikombe chake, cha kijani, kililala kifudifudi juu ya uchanja, mkono ukitazama barabara kubwa.

Siku aliyotarajiwa kurudi ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote, nayo ilianza vizuri, karibu kama sikukuu. Mama Watoto alikuwa na safari zake mwenyewe, akanichukua mimi na Zaituni tumsaidie kubeba. Tulianza mashine ya kusaga, tukaacha mhogo. Tukapita zahanati na mapacha wake wanaokohoa, tukapewa dawa ya kunywa na maneno makali kwamba tumechelewa. Tukapita kwa fundi cherehani, ambaye alikuwa amekata mguu wa suruali mfupi mno. "Sasa umeshona ya kuku," Mama Watoto akamwambia, na fundi akaapa kwamba kitambaa kilijivuta chenyewe. Kisha tukapanda lori la chumvi hadi Oraba, ambako alikuwa akinunua chumvi na sabuni za kuja kuuza.

Mimi Oraba niliipenda sana. Niliota kwamba nikikua nitafungua hoteli pale, ya chai na maandazi, na kila dereva atakuwa na kikombe chake. Nilipenda makelele ya malori, na zaidi niliwapenda watu wa kubadilisha pesa, waliokaa mstari mmoja kando ya njia, kila mmoja na mkeka wake na mawe mazuri ya mtoni ya kukandamizia noti zisiruke. Waliitana kwa majina ya matusi siku nzima.

Siku hiyo tulishuka tukakuta mawe. Yalikuwa yamelala chini kwenye mstari wake, kila rundo mahali pake, na mikeka haipo, na watu hawapo. Zaituni akaokota moja akalitupa juu akalidaka. "Weka chini," mama yake akasema.

Malori yote yalikuwa yametazama Sudan. Hakuna hata moja lililotazama kwetu. Wakala mmoja wa forodha, mwanamume mnene aliyezoea kumtania Mama Watoto kwamba atamwoa yeye na kijiji chake, alikuwa anafunga makabrasha yake kwa kamba ya katani. Hakutania.

"Mama Watoto, leo hapa hapana nunua kitu. Wale askari wapya wamefika Arua. Enda chukua watoto."

"Ramadhani yangu iko upande huo."

Yule mtu aliacha kufunga kamba. Akaendelea kufunga.

Ungedhani mtu akisikia hivyo atakimbia. Yeye hakukimbia. Lori la chumvi lilikataa kurudi, tukatembea, na njiani alikamilisha safari zake zote kama alivyozipanga, kwa mwendo wa kawaida, isipokuwa sasa kila tulipopita aliokota mtoto. Kwa bibi wa mtoni, mmoja. Kwenye kuni, wawili. Kwenye mashine tulichukua unga na mtoto aliyekuwa ameusubiri. Kwa fundi alilipia ile suruali ya kuku bila neno, na fundi aliogopa kuliko kama angetukanwa. Watu walitusalimu, naye aliitikia. Mimi, mjinga wa furaha, niliimba. Nilidhani msafara wetu ni wa harusi.

Nyumbani kila mtoto alikimbilia uchanja kufunua kikombe chake. Kilichobaki kifudifudi kilikuwa cha kijani.

Alipika. Alitulisha. Alisimama mlangoni.

Asubuhi kulipopambazuka tulisikia mlio upande wa Arua, kama mtu anaburuta mabati mbali sana, na barabara ikaanza kujaa watu wenye magodoro kichwani. Wote walielekea upande mmoja. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza hajui la kufanya. Alitoka mpaka barabarani, akarudi. Akatoka tena, akamzuia mzee mmoja mwenye baiskeli, akamuuliza. Mzee akatikisa kichwa. Akarudi. Watoto walikuwa wamejipanga uani na vifurushi vyao, kama siku ya mazoezi ya kizuizi.

Mama yangu na mimi tulikuwa tunaelekea Zaire, kwa wajomba zangu. Mama alipitia uani kuaga, akamkuta pale uchanjani.

"Dada, twende. Kila mtu ameondoka."

"Anakuja leo. Nilimwambia siku mbili tatu."

"Na hawa wengine, dada?"

Mama Watoto akawatazama. Nafikiri ndiyo siku pekee aliyowahesabu. Nikaona midomo yake inacheza.

Kisha alikusanya vikombe vyote ndani ya kanga, akiviweka kimoja kimoja visigongane. Changu nikanyoosha mkono kukichukua. "Hii nabeba mimi," akasema. "Utaifuata." Kikabaki cha kijani peke yake juu ya uchanja. Alikishika, akaugeuza ule mkono taratibu kutoka barabara kubwa, akaupitisha juu ya mlango, juu ya migomba, mpaka ukatazama Oraba. Akakikandamiza kidogo ili upepo usikisogeze. Wakaondoka, yeye nyuma, wadogo mbele.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Zaituni, miaka mingi baadaye, tulipokutana sokoni Arua nikiwa nashona nguo na yeye ameolewa pale pale mjini. Mimi nilikulia Zaire, nikajifunza cherehani huko. Wao walivuka mpaka, wakakaa Kaya, mji wa ng'ambo tu ya mpaka, siku chache, kisha wakapakiwa malori wakapelekwa mbali, ndani ya Sudan, kambini. Kule kambini mama yao alifunga uchanja wa mianzi siku waliyofika, kabla hawajapata hema. Baba yao hakupatikana. Mjomba wa Ajia alileta habari moja tu: Ramadhani aliondoka kwake siku ile ile, na simsim kwenye baiskeli, anafanya haraka kwa sababu mama alimwambia siku mbili tatu. Arua alionekana. Baada ya Arua hakuna aliyesema amemwona.

Waliporudi Koboko, amani ilipopatikana, nyumba haikuwa na paa. Milango ilikuwa imeng'olewa. Kinu kilikuwepo, sufuria kubwa ilikuwepo, ina kutu lakini nzima. Uchanja ulikuwa umeanguka. Walipekua nyasi siku nzima, na kikombe cha kijani hakikuwepo.

"Tangu hapo huwezi kumwambia kitu," Zaituni alisema. "Anasema mwizi angechukua sufuria. Mutu anaacha sufuria, anachukua kikombe moja? Anasema aliyechukua ni mwenyewe."

Zaituni hakunisimulia haya ili tulie. Alikuwa na haja. Upande wa Koboko kulikuwa kumeanza tena kuchafuka. Watu walipotea njiani, magari yalianza kusafiri kwa msafara, na wenye nyumba za zamani za askari walianza tena kutazamwa na pande zote mbili, jeshi na waasi. Watoto wote, waliokuwa sasa watu wazima wametawanyika kwa hiari yao, walimwomba mama yao aje Arua. Alikataa kila mmoja. "Enda wewe," Zaituni akaniambia. "Wewe hajakuona tangu siku ile. Labda kwa mshangao atasahau kukataa."

Nilikwenda na msafara wa asubuhi, nikiwa na furaha yangu ya kijinga, nimemshonea gauni. Nilikuwa nimeshaona moyoni jinsi tutakavyorudi naye mbele ya lori, akimfundisha dereva kuendesha.

Mtaa ulikuwa kimya. Milango miwili mitatu ilikuwa wazi, na kuku wanatembea ndani.

Nilimkuta uani. Alikuwa amekaa. Kigoda kilikuwa katikati ya ua, yeye juu yake, mikono mapajani, uso kwenye barabara kubwa inayotoka Arua. Sikumtambua kwanza, si kwa uzee, kwa kule kukaa.

"Hodi, Mama."

Alinitazama. Hakuniita jina, hakulia. Aliinuka, akaenda kwenye uchanja. Vikombe vyote vilikuwa pale, vimefunikwa, mikono yao ikitazama Arua, mingine ikitazama mbali zaidi ya Arua. Katikati kulikuwa na nafasi tupu ya upana wa kikombe kimoja. Na pembeni kabisa, cheupe, ukingo wa bluu, kimebonyea ubavuni, mkono wake unatazama migomba. Akakifunua.

"Umekawia," akasema. Akanimiminia chai.

Nilikunywa huku machozi yananidondokea humo humo, nikamweleza kila kitu, gauni, chumba cha Zaituni, lori linaloondoka mchana. Alilisifu gauni. Alisema mkono iko fupi. Akarudi kwenye kigoda chake.

"Wale wa kubadilisha pesa wa Oraba wameondoka tena jana," akasema. "Wameacha mawe."

"Basi twende, Mama. Leo hii."

"Mara ile nilimwachia kikombe. Alikuja, akaona mkono, akachukua, akafuata mpaka Kaya. Sisi walikuwa wameshatupakia." Alisema hivi bila uchungu, kama mtu anayeeleza njia. "Mara hii akija atakuta mutu."

Nilibembeleza. Nilisema wajukuu wanamuulizia. Nilisema Zaituni atanipiga nikirudi peke yangu, naye akatabasamu kidogo, akasema Zaituni anapiga vibaya, hajui pa kulenga. Honi ya lori ikalia barabarani.

Aliinuka kwa mara ya pili. Alichukua kikombe changu, akakiosha, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakifunika mahali pake, na mkono akauelekeza Arua.

"Kwenda, fika," akasema. "Hapana simama na watu."

Nilisimama mlangoni nikisubiri neno la tatu. Alikuwa ameshakaa, uso barabarani. Honi ikalia tena, nikatoka.